Tulikuwa tunakwenda Glossop

Jumapili yoyote yenye jua, kijiji cha Matlock Bath, katikati ya Uingereza, hujaa pikipiki mpaka waenda kwa miguu wanapita upande upande. Kwa sisi watu wa pwani ni mahali pa kuchekesha kidogo. Kuna maduka ya aiskrimu, kuna samaki wa kukaanga na chipsi, kuna mashine za kutumbukiza sarafu, kuna mabenchi yanayotazama maji. Kila kitu cha mji wa ufukweni kipo, isipokuwa bahari. Maji yenyewe ni mto Derwent tu, na juu ya kichwa chako vinapita vigari vya kamba vinavyowapandisha watalii mlimani.

Kundi letu hukutana pale. Tulianza watatu Leicester, sasa tuko kumi na mmoja, wengine wanatoka Coventry, Birmingham na Sheffield. Kuna dereva wa basi, fundi umeme, mwalimu wa chekechea, muuguzi mmoja mwanamke ambaye anaendesha vizuri kuliko sisi wanaume wote na anajua hivyo. Watanzania wengi, Wakenya wawili, Mkongo mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kinatufanya tucheke na chetu kinamfanya acheke zaidi. Nikisema ukweli, pikipiki ni kisingizio. Tunachokifuata ni zile saa mbili za kukaa kwenye benchi tukila chipsi na kupiga soga bila kutafsiri chochote kichwani.

Majina halisi hatutumii. Yupo Dereva, yupo Fundi, yupo Dada Nesi, yupo Bukavu. Mimi naitwa Mzee, ingawa nina miaka arobaini na minne, kwa sababu ya mvi. Na mwaka jana alijiunga kijana wa Tanga, kwa hiyo akawa Tanga. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tanga alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa shahada ya pili, na usiku alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kwa saa zile chache ambazo viza inamruhusu. Leseni ya pikipiki alikuwa ameipata miezi miwili kabla. Kwa wale ambao hawajapita njia hiyo, hapa Uingereza leseni ya pikipiki kubwa bila masharti ya nguvu hupati mpaka utimize miaka ishirini na minne, au uwe umekaa miaka miwili na leseni ya pikipiki ya kati. Kuna mtihani wa nadharia, kuna mtihani wa kukata kona katikati ya vijipira uwanjani, kisha mtihani wa barabarani na mtahini akikufuata nyuma. Kijana alifaulu yote mara ya kwanza. Akanunua Honda iliyotumika, akaifuta mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi.

Siku hiyo ya Juni alifika Matlock Bath wa kwanza. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, ameshika helmeti mapajani kama mtoto aliyepakatwa. Nikamwuliza kama anaiogopa barabara ya leo. Akasema, "Mzee, mimi nimepanda Mombo hadi Lushoto nikiwa nyuma ya bodaboda, tumebeba na gunia la viazi. Nitaogopa nini?"

Nikacheka. Kisha nikamwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Nilimwambia, "Wewe nifuate mimi tu."

Nieleze kwanza tunavyosafiri. Kundi la pikipiki likienda vizuri, hakuna anayehitaji kumwona kiongozi. Wa kwanza anajua njia. Wa mwisho anavaa kizibao cha njano, sisi tunamwita Mkia. Kila mkifika njia panda, aliye wa pili anasimama pembeni, anawaonyesha wenzake wapinde wapi, anasubiri mpaka aone kizibao cha njano, ndipo anajiunga tena. Hivyo hata ukichelewa dakika tano nyuma, utamkuta mtu amesimama anakungoja. Maana yake yote ni hiyo: asiwepo mtu wa kukimbia ili asipotee.

Tulifuata utaratibu huo kupitia Bakewell na Hathersage hadi Bamford, barabara nzuri, kuta za mawe pande zote mbili, kondoo, na kile kijani cha Juni ambacho hata mimi baada ya miaka kumi na saba hapa sijakizoea. Tukatokea bwawa la Ladybower.

Pale tulisimama, na ninapendekeza msimame nanyi mkipita, hata kwa gari na watoto. Bwawa hilo lilijengwa kati ya 1935 na 1943, na mfalme George wa Sita akalizindua mwaka 1945. Vijiji viwili, Ashopton na Derwent, vilizamishwa ili miji ipate maji. Watu walihamishwa, makaburi yakafukuliwa na maiti wakazikwa upya kwingine. Mnara wa kanisa la Derwent ulibaki ukichungulia juu ya maji mpaka ulipolipuliwa Desemba 1947. Ukame ukizidi, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na 2022, mawe ya kijiji hutokeza tena na watu huja kwa mamia kuyatazama.

Tanga alitazama maji kwa muda akasema, "Kama Nyumba ya Mungu, ila hili limevaa sweta." Bukavu hakuelewa, ikabidi aelezwe kwamba Nyumba ya Mungu ni bwawa letu kule mto Pangani. Akasema kwao bwawa lenye jina kama hilo lingekuwa na askofu wake.

Mbele yetu ilikuwa Snake Pass, barabara ya A57, inayopanda kutoka Ladybower kupita bonde la mto Ashop hadi karibu mita 510, kisha inashuka Glossop. Wengi hudhani jina la nyoka linatokana na kona zake. Sivyo. Linatokana na nyoka aliyepo kwenye nembo ya ukoo wa Cavendish, wenye ardhi ya huku tangu zamani, na hoteli ya njiani iliyobeba nembo hiyo. Lakini ukishaipita utaona kwamba hata bila nembo wangefika kwenye jina lilelile. Barabara ilifunguliwa mwaka 1821. Theluji huifunga kila mwaka au karibu kila mwaka, na udongo wa milima hii hauachi kuteleza. Februari 2022, baada ya dhoruba zilizofuatana, vipande vyake vilimeguka na ikafungwa kwa wiki kadhaa.

Kutoka Ladybower hadi Glossop hakuna mahali pa kupotea. Ni barabara moja tu. Kwa hiyo Dereva, aliyekuwa kiongozi, akasema tusiweke walinzi wa njia panda, kila mtu aende, tukutane Glossop kwa chakula cha mchana. Tulikuwa tumechelewa nusu saa. Wote tulikubali. Mimi niliitikia kwa sauti zaidi ya wengine, kwa kuwa naipenda barabara ile na sipendi kuipita nikiwa nimebanwa katikati ya msafara.

Niliondoka wa nne. Tanga alikuwa nyuma yangu.

Kiwango cha mwendo pale ni maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80. Sikukivuka. Nalisema hili kwa sababu polisi waliniuliza na nikawajibu hivyo, na ilikuwa kweli. Lakini kuna maili 50 za mtu ambaye ameipita barabara ile mara thelathini, na kuna maili 50 za mtu mwenye leseni ya miezi miwili. Nilikuwa nafurahi. Jua lilikuwa linaingia kati ya miti, lami kavu, injini inaimba. Nilitazama kioo cha pembeni nikaiona taa yake. Kona ya kwanza, taa ipo. Ya pili, ipo, imebaki nyuma kidogo, kisha ikaja kwa kasi kwenye nyoofu kunifikia. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Mtu anayebaki nyuma kwenye kona na kukufikia kwenye nyoofu si mtu anayeendesha kwa raha, ni mtu anayekukimbilia. Nililijua hilo. Nimewafundisha wengine hilo. Nikaendelea.

Kona ya tano au ya sita inapinda kulia, na inazidi kujikunja ukiwa katikati yake. Nilipotoka nikatazama kioo. Hakuna taa. Nikahesabu hadi kumi. Hakuna taa.

Nilipogeuza na kurudi, Dada Nesi alikuwa amekwisha shuka kwenye pikipiki yake. Honda ilikuwa imelala chini ya ukuta wa mawe, gurudumu la mbele limepinda, petroli inanukia. Tanga alikuwa ng'ambo ya ukuta, kwenye majani, mguu mmoja umekaa vile mguu usivyokaa.

Wataalamu wa pikipiki wana msemo wao kwamba pikipiki huenda jicho linakotazama. Ukiogopa ukuta, unautazama ukuta, ukiutazama, unaufuata. Sikumwona akianguka, lakini Dada Nesi aliyekuwa nyuma yake alisema hakufunga breki mpaka mwisho kabisa, alikwenda moja kwa moja kama aliyeitwa.

Nilikimbilia helmeti nimvue apumue. Dada Nesi alinipiga mkono, si kwa mfano, alinipiga kweli. "Usiiguse! Anapumua, anasema. Shika kichwa hivihivi, kisisogee." Nikapiga magoti kwenye tope, nikakishika kichwa kwa viganja viwili, helmeti na yote, na sikukiachia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kushika kitu chochote. Akafungua kioo cha helmeti tu. Macho ya Tanga yalikuwa wazi.

Simu yangu haikushika mtandao. Ya Fundi pia. Ya Bukavu ilionyesha hakuna huduma, lakini alipopiga 999 ikaita, kwa sababu hapa simu ikikosa mtandao wake huruhusiwa kupiga dharura kwa mtandao wowote mwingine unaofika pale. Tatizo likawa kueleza tulipo. "A57, Snake Pass, kwenye msitu" ni kilomita nyingi za msitu. Mzee mmoja Mwingereza na mkewe, watembeaji wa milimani, walikuwa wamesimama. Yule mama akatoa simu yake akasoma maneno matatu ya Kiingereza yasiyohusiana kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Ni ile programu ya what3words, iliyogawa dunia nzima kwa viraba vya mita tatu kwa tatu, kila kiraba kina maneno yake matatu, nayo inakuonyesha ulipo hata bila intaneti. Bukavu akayarudia kwa lafudhi ya Kifaransa. Wakaelewana. Sasa ipo kwenye simu yangu na ya mke wangu na ya watoto wote wawili.

Tulisubiri. Dada Nesi alikuwa anamwuliza Tanga maswali kwa Kiingereza, kama alivyozoea kazini, naye anajibu kwa Kiingereza, lakini majibu yakawa mafupi, kisha yakakoma. Nikamsemesha Kiswahili. Nikamwuliza Lushoto kuna baridi kama hapa? Akasema, "Zaidi." Nikamwuliza lile gunia la viazi lilifika? Akatabasamu kidogo. Halafu akasema, taratibu, "Mzee, msimwambie mama. Hajui kama nina pikipiki."

Wa kwanza kufika walikuwa wahudumu wa gari la wagonjwa. Kisha helikopta, ikatua kwenye konde la kondoo chini ya barabara, kondoo wakatawanyika kama karatasi. Walishuka daktari na mhudumu wa dharura, wakafanya palepale kwenye majani mambo ambayo nilidhani hufanywa hospitalini tu. Alipoiona helikopta, Tanga alinishika mkono wa jaketi akauliza, "Hii shilingi ngapi?"

Nimelifikiria swali hilo sana. Amevunjika nyonga na paja, pafu moja limetobolewa na mbavu, na jambo analolihofia ni bili. Hakuna bili. Helikopta hizi za wagonjwa huku Uingereza kwa sehemu kubwa zinaendeshwa na mashirika ya hisani, kwa michango ya watu, na mgonjwa halipi. Na mwanafunzi wa kigeni amekwisha kulipia huduma ya afya pamoja na viza, pauni 776 kwa kila mwaka. Nilimwambia, "Umelipa zamani, kijana. Twende."

Walipompakia, askari wa trafiki, mwanamke, alinijia na daftari. Akauliza jina la majeruhi.

"Tanga," nikasema.

Akaandika. "Na jina la ukoo?"

Nikawageukia wenzangu. Dereva akamtazama Fundi. Fundi akatazama chini. Watu kumi, miezi mitatu ya safari, mamia ya ujumbe na vichekesho kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna hata mmoja aliyejua jina alilopewa na mama yake. Nilimweleza yule askari kwamba Tanga ni mji. Akalifuta, bila kukasirika. Akauliza ndugu yake wa karibu ni nani. Akauliza alikuwa anaishi wapi. Akauliza nani alikuwa mbele yake barabarani.

Hilo la mwisho nililijua. "Mimi."

Jina tulilipata kwenye leseni, ndani ya pochi. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo na imefungwa kwa namba ya siri, na sehemu ya mawasiliano ya dharura, ile inayofunguka hata simu ikiwa imefungwa, haikujazwa kitu. Kwenye pochi kulikuwa na kadi ya kazi. Nilipiga namba ya nyumba ile ya wazee, msimamizi akanipa anayeishi naye, na yeye, saa kumi na mbili jioni, akanipa namba ya mjomba Tanga.

Mjomba, si mama. Sote hapa tunajua kwa nini. Habari kama hiyo haipigwi simu kwa mama akiwa peke yake jikoni. Inapita kwa mtu, anavaa kanzu au anajitanda khanga, anakwenda nyumbani, anakaa, anasalimia kwanza. Kwao ilikuwa saa mbili usiku. Nilipiga nikiwa kwenye maegesho ya hospitali, bado nimevaa suruali yenye tope.

"Shikamoo mjomba. Napiga kutoka Uingereza, mimi ni rafiki wa mwanao."

"Marahaba." Kimya kidogo. "Yuko hai?"

"Yuko hai, mjomba."

"Basi mpe simu."

"Yuko chumba cha upasuaji. Alianguka na pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

"Yake."

Nikasikia anavuta pumzi. Nikasikia redio nyuma yake, na mtoto anaambiwa atoke nje. Kisha akauliza, "Nani alikuwa naye?"

Mara ya pili siku ile. Nikajibu lile lile, na nikaongeza kwamba nilikuwa mbele na nilikwenda kwa mwendo uliomzidi, na nilimwambia anifuate. Sijui kwa nini nilimwambia yote hayo. Labda kwa sababu askari hakuyauliza. Mjomba hakunilaumu wala hakuniambia si neno. Alisema, "Nakwenda kwa dada yangu. Wewe usiondoke hapo." Akakata.

Sikuondoka mpaka saa tisa usiku, daktari alipokuja kusema upasuaji umekwenda salama.

Alikaa hospitali wiki saba. Mama yake alizungumza naye kwa video kila siku, na kwa siku kumi za mwanzo, alivyonisimulia mwenyewe, hakulitaja neno pikipiki hata mara moja. Siku ya kumi na moja alisema anataka kuiona ile miguu yote miwili, inue simu. Chuo kilimruhusu kuahirisha masomo mwaka mmoja. Sisi tulipeana zamu ya kumpelekea chakula, na niseme tu kwamba pilau ya Dada Nesi haifikii uendeshaji wake.

Kundi bado lipo. Wawili waliacha. Siku hizi tunaweka mlinzi hata pasipo na njia panda, Mkia hafuati mtu bali anasubiriwa, na mgeni ndiye anayekaa wa pili, nyuma ya kiongozi, na kiongozi anakwenda mwendo wa mgeni. Kila mmoja ana kadi ndani ya jaketi: majina matatu, anapoishi, dawa zinazomdhuru, namba mbili, moja ya hapa na moja ya nyumbani. Kuijaza ilituchukua jioni nzima, kwa kuwa wengi tulikwama kwenye ile namba ya nyumbani. Wazazi wa Fundi wamekwisha fariki. Mimi niliandika ya dada yangu wa Ilala, kisha nikampigia kumwomba ruhusa, akaniuliza kama naumwa.

Oktoba, Tanga akitembea kwa fimbo moja, aliniomba nimpeleke Glossop. Hakuwa ameiona. Tulikwenda kwa gari langu, njia ile ile, Bakewell, Bamford, Ladybower. Kwenye kona ile nilipunguza mwendo bila kusema kitu. Ukuta ulikuwa bado na pengo. Aliutazama, akasema, "Mbona mdogo." Ni kweli, haufiki kiunoni.

Tulipanda hadi kileleni, kwenye nyika ya kahawia isiyo na mti hata mmoja. Nilimwonyesha upande wa Bleaklow, ambako kuna mabaki ya ndege ya jeshi la Marekani, B-29, iliyoanguka kwenye ukungu tarehe 3 Novemba 1948 na kuua wote 13 waliokuwamo. Watu hupanda kwa miguu kuyaona. Akasema atarudi akiweza kutembea bila fimbo.

Glossop kwenyewe ni mji wa kawaida, wa viwanda vya zamani vya pamba. Tulinunua chipsi, tukala ndani ya gari kwa sababu mvua ilianza. Simu yake ikaita. Alikuwa mama.

"Uko wapi? Naona kioo cha gari."

"Nimetoka kidogo, mama. Niko milimani."

"Na nani anaendesha?"

Akanigeuzia simu. Nilikuwa na chipsi mdomoni, nikazimeza haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Alinitazama muda mrefu kidogo, vile watu wanavyotazamana kwenye video ambayo inakwamakwama. "Wewe ndiye Mzee?"

"Ndiyo, mama."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya. Mkirudi, nipigie mkifika. Wewe, si yeye."

Tulifika Sheffield saa moja jioni. Nikampigia.